Sura ya Saba: Posho ya Kuhama na Fungu la KRA

Mwisho wa mwezi, Nyayo Highrise hujaa magodoro. Pikapu na kanta huingia kutoka Barabara ya Mbagathi zikiwa zimepakia friji lililoviringishwa blanketi, mtungi wa gesi, meza iliyogeuzwa miguu juu na ndoo zilizojaa vyombo. Vijana wa kubeba mizigo hukaa karibu na lango wakingoja kuitwa. Bei yao huanza na swali moja: "Ni ghorofa ya ngapi?" Anayehamia ya chini hulipa kidogo. Anayehamia ya juu hulipia kila ngazi.

Mtaa huu wa ghorofa, uliojengwa na Shirika la Kitaifa la Nyumba, NHC, uko ubavuni mwa Kibera, si mbali na Bwawa la Nairobi, na wadi inayobeba jina lake imo katika eneo bunge la Lang'ata. Unamfaa mtu aliyepata kazi au uhamisho wa kuja jijini. Hospitali ya Mbagathi na ile ya Kenyatta hazipo mbali, Uwanja wa Ndege wa Wilson uko karibu, na katikati ya jiji panafikika kwa matatu moja.

Kuhama kuna gharama, na gharama zenyewe huja kwa mkupuo. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti. Dereva anataka ya mafuta kabla hajawasha injini. Stima haiwaki bila tokeni. Aliyehama kwa sababu mwajiri amemhamisha huona ni haki mwajiri naye atie mkono mfukoni, na waajiri wengi hufanya hivyo. Kisha mwezi unaisha, hati ya mshahara inatoka, na pesa zile zimepungua. Aliahidiwa shilingi 80,000. Zilizoingia ni 56,000. Anapiga simu ofisini, anajibiwa kwa neno moja: PAYE, ile kodi ambayo mwajiri huikata kwenye mshahara.

Sura hii inaeleza zilikoenda zile 24,000, ni lini serikali ina haki nazo, na ni lini mfanyakazi anaweza kuzizuia zisikatwe bila kuvunja sheria. Nikitoa jibu mapema: kinachoamua ni namna mwajiri alivyolipa, na karatasi zilizobaki baada ya lori kuondoka. Umbali wa safari na wingi wa mizigo havina uzito mkubwa.

Njia tatu, kochi moja

Tuchukue mfanyakazi wa kubuni. Ni afisa wa mikopo aliyekuwa Kisumu, mshahara wake ni shilingi 100,000 kwa mwezi, na barua ya uhamisho inamtaka aripoti Nairobi tarehe mosi. Amepata nyumba Highrise. Mwajiri wake ana njia tatu za kumsaidia.

Ya kwanza ni kumpa kitita: "Hizi hapa 80,000, jipange." Hakuna anayeuliza zimetumikaje. Akikodi kanta kwa 35,000 na kununulia mapazia zilizobaki, ni shauri lake.

Ya pili ni kumrudishia gharama. Analipa mwenyewe kanta, wabebaji na nauli ya familia, anapeleka risiti ofisini, naye anarudishiwa kiasi kilekile, hakuna senti inayozidi.

Ya tatu ni mwajiri kumlipa mwenye lori moja kwa moja. Ankara inaandikwa kwa jina la kampuni, na pesa hazipiti mikononi mwa mfanyakazi hata kidogo.

Njia zote tatu hufikisha kochi lilelile kwenye ghorofa ileile. Mbele ya Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470 ya Sheria za Kenya, haya ni mambo matatu tofauti.

Wavu wa kifungu cha 5

Sheria hiyo ilitungwa 1973 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1974, ikirithi mengi kutoka sheria ya kodi ambayo Kenya, Uganda na Tanzania ziliitumia kwa pamoja. Kifungu chake cha 5 ndicho kinachoeleza mapato ya ajira ni yapi, na wavu wake ni mpana. Umo mshahara, malipo ya likizo na ya ugonjwa, ada, kamisheni, bonasi na kiinua mgongo. Zimo pia posho za kujikimu, za safari, za kukirimu wageni, na posho nyingine yoyote inayopokelewa kwa sababu ya ajira. Posho ya kuhama haikutajwa kwa jina, lakini inanaswa na hiyo "nyingine".

Kifungu hichohicho kimeacha mlango. Kamishna wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, akiridhika kwamba posho ni kumrudishia tu mfanyakazi pesa alizotumia, na kwamba alizitumia zote kwa ajili ya kuzalisha mapato ya ajira hiyo peke yake, basi haihesabiwi kuwa mapato.

Mlango huo una kufuli mbili. Ya kwanza ni ya hesabu: je, ulitumia kweli, na kiasi gani? Risiti huifungua. Kitita cha 80,000 hakiwezi kuifungua chenyewe, maana hakuna anayejua kilitumikaje. Ndivyo ilivyo pia kwa posho inayopimwa kwa kiwango cha mshahara, kama ile ya uhamisho inayotolewa katika utumishi wa umma. Mwalimu aliyehamishwa kutoka Homa Bay na mwenzake wa daraja lake aliyehamishwa kutoka Thika wanaweza kulipwa sawa hali gharama zao zimepishana mno. Posho inayofuata mshahara badala ya risiti ni vigumu kuitwa marejesho.

Kufuli ya pili ni ngumu zaidi. Ofisa wa kodi anaweza kusema: "Sawa, umelipa kanta. Lakini kochi ni la sebuleni kwako. Linazalishaje mapato ya kazi?" Swali hilo lina mizizi mirefu. Katika miaka ya 1920 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya Ricketts na Colquhoun, iliyomhusu wakili aliyekaa London na kushika wadhifa wa kimahakama Portsmouth. Alitaka nauli yake ipunguzwe kwenye kodi. Akakataliwa: kukaa London ni hiari yake, kazi yenyewe inaanza afikapo Portsmouth. Mantiki hiyo bado inaitawala nauli ya kila siku ya kwenda kazini. Matatu ya asubuhi kutoka Highrise hadi mjini ni gharama yako, hata kama bila hiyo usingefika.

Lakini kesi nyingine ya Uingereza, Hochstrasser na Mayes, iliyofika mbele ya mahakama hiyohiyo mwishoni mwa miaka ya 1950, iliegemea upande wa mfanyakazi. Kampuni ya ICI ilikuwa na mpango wa nyumba kwa wafanyakazi iliowahamisha. Bwana Mayes alikuwa amenunua nyumba kwa pauni 1,850. Alipohamishwa akaiuza kwa 1,500, na kampuni ikamlipa pauni 350 alizopoteza. Mtoza kodi akadai fungu lake. Mahakama ikakataa: malipo yale hayakuwa ujira wa kazi aliyoifanya, yalikuwa kufidia hasara iliyompata kama mwenye nyumba.

Hukumu za Uingereza haziwafungi mahakimu wa Kenya. Husikilizwa kama ushauri wa mzee: una uzito, lakini si amri. Isitoshe, maneno ya kifungu cha 5 chetu ni mapana kuliko ya sheria iliyomwokoa Mayes. Hata hivyo kesi hizi mbili zikiwekwa pamoja zinachora mstari. Mfanyakazi aliyehamishwa kwa barua ya mwajiri, ambaye kukataa kungemgharimu kazi, ana hoja nzito kwamba lori lile lilikuwa sehemu ya kutimiza ajira. Aliyehama kwa kupenda, kutoka Kawangware hadi Highrise ili awe karibu na ofisi ileile, hana hoja hiyo. Mwajiri akimlipia, amempa zawadi, na zawadi ya mwajiri ni mapato.

Njia ya tatu ina uchochoro wake. Mwajiri anapolipa moja kwa moja, sheria huona manufaa yasiyo ya pesa taslimu. Manufaa ya aina hiyo hayahesabiwi iwapo jumla yake kwa mwaka haifiki kiwango fulani. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa shilingi 36,000. Marekebisho ya sheria za kodi yaliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024 yakakipandisha hadi 60,000. Kwa hiyo mwajiri akimlipa mwenye kanta 45,000, na mwaka huo hakumpa mfanyakazi manufaa mengine ya namna hiyo, hata ofisa mkali akiyaita malipo hayo manufaa, bado yako chini ya mstari. Ila kuna tahadhari mbili. Manufaa yote ya mwaka hujumlishwa pamoja, na yakishafika 60,000 huhesabiwa yote, si ile ziada tu. Na msamaha huu ni wa kisicho pesa. Ukipewa zile 45,000 mkononi ukamlipe dereva mwenyewe, umerudi kwenye posho.

Hesabu ya 80,000

Viwango vya PAYE vinavyotumika tangu Julai 2023 ni hivi: asilimia 10 kwa shilingi 24,000 za kwanza za mwezi, asilimia 25 kwa 8,333 zinazofuata, asilimia 30 hadi kufikia 500,000, asilimia 32.5 hadi 800,000, na asilimia 35 kwa kilichozidi hapo. Kila mkaazi hupata nafuu ya 2,400 kwa mwezi.

Afisa wetu wa mikopo, kwa mshahara wa 100,000, tayari yuko kwenye ngazi ya asilimia 30. Kitita cha 80,000 kinakaa juu ya mshahara huo na chote kinakatwa asilimia 30. Ndizo zile 24,000. Akirudishiwa 80,000 kwa risiti na hoja ikakubaliwa, anabaki nazo zote.

Waajiri wengine huahidi kitita "baada ya kodi". Ahadi hiyo ni ghali kuliko inavyosikika. Ili 80,000 zimfikie mfanyakazi wa ngazi ya asilimia 30, mwajiri lazima atoe karibu 114,286, maana kodi inayolipwa kwa niaba yake nayo ni mapato. Mwajiri anayejua kupiga hesabu angependelea risiti kuliko mfanyakazi mwenyewe.

Sasa tuvuke Ngong Road hadi Kawangware, kwa mtu wa mshahara mdogo. Ni mlinzi anayepata 23,000 kwa mwezi, kampuni imemhamisha kutoka Nakuru na kumpa 20,000 za kuhamia. Tukiweka kando makato ya pensheni ya NSSF na ya bima ya afya ya SHA ili hesabu iwe nyepesi, mwezi wa kawaida mlinzi huyu halipi PAYE: asilimia 10 ya 23,000 ni 2,300, na nafuu ya 2,400 inaimeza. Mwezi wa kuhama hati yake inasoma 43,000. Kompyuta ya mishahara haijui kwamba mwezi huu ni wa pekee. Inampandisha ngazi mbili kwa mkupuo na kukata kiasi cha 5,283.

Lakini kodi ya mapato ni ya mwaka. Kwa mwaka mzima amepata mishahara ya 276,000 na posho ya 20,000, jumla 296,000. Asilimia 10 ya 288,000 za kwanza ni 28,800. Asilimia 25 ya 8,000 zilizobaki ni 2,000. Ukitoa nafuu ya mwaka ya 28,800, kodi anayodaiwa ni 2,000 tu. Amekatwa 3,283 zaidi.

Pesa hizo ni zake, na njia ya kuzidai ni kufaili ritani kwenye iTax, tovuti ya KRA, kufikia tarehe 30 Juni mwaka unaofuata, kwa kutumia fomu ya P9 ya mapato na makato ya mwaka ambayo mwajiri anapaswa kumpa. Wengi wa kipato chake humpa kijana wa saiba awafailie haraka haraka, tarakimu za P9 zinanakiliwa visivyo au ritani inatumwa tupu, na madai yanafia hapo. Mlinzi anaondoka akiamini amefaili. Kweli amefaili, ila pesa zake ameziacha kaunta.

Risiti ya kanta

Kinadharia njia ya risiti ndiyo bora. Kwa vitendo inakwama langoni pa Highrise, lori likiwa limeshapakuliwa.

"Kaka, nipe risiti basi."

"Risiti ya nini tena, boss? Si M-Pesa imekuonyesha umelipa?"

"Ofisini hawataki M-Pesa peke yake. Wanataka ya eTIMS."

"Hiyo mimi sina. Naweza kukuandikia kwa kitabu."

Wote wawili wana haki kwa kiasi fulani. Tangu tarehe 1 Januari 2024, biashara haiwezi kupunguza gharama kwenye mapato yake bila kuwa na ankara iliyotolewa kupitia eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, isipokuwa kwa malipo machache yaliyosamehewa. Ndiyo maana mhasibu wa kampuni hukataa kipande cha kitabu cha risiti. Akikipokea, kampuni itatozwa kodi kwa pesa ambazo kweli imezitumia.

Kwa mfanyakazi suala ni tofauti kidogo. Sheria inataka Kamishna aridhike kwamba pesa zilitumika. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha tarehe, kiasi na jina la aliyelipwa, na risiti ya kitabu inaonyesha kazi iliyofanywa. Vikiwekwa pamoja na barua ya uhamisho ni ushahidi wa maana. Visitupwe kwa sababu tu mhasibu amekunja uso.

Kwa wenye magari wadogo sheria imelegezwa. Mabadiliko ya Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwishoni mwa 2024 yalimruhusu mnunuzi kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 5. Kwa hiyo kampuni inaweza kuandaa ankara yenyewe, dereva akaithibitisha kwa simu yake. Kinachohitajika ni dereva mwenye PIN na mwajiri aliye tayari kuchukua dakika chache. Mwajiri akilipa moja kwa moja, kazi hiyo inakuwa yake, na mfanyakazi habebi mzigo wa kubembeleza karatasi.

Pana gharama mbili za kuhama ambazo watu huzichanganya na lori. Dipoziti ya nyumba si matumizi. Ni pesa yako iliyowekwa kwa mwenye nyumba, na ukihama utarudishiwa. Mwajiri akikupa dipoziti bila kuidai baadaye, amekuongezea mapato, hata ikiandikwa kwenye orodha moja na kanta. Ya pili ni kodi ya nyumba yenyewe. Mwajiri akikulipia miezi ya kwanza, kifungu cha 5 kina utaratibu wake wa kutoza nyumba inayotolewa na mwajiri. Inaingia kwenye mapato, hata kama pesa zimeenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba.

Siku za kwanza Nairobi

Kabla ya kuhamia, afisa wetu alitumwa Nairobi kwa wiki moja kukabidhiwa kazi na akalala gesti. Hapa sheria ni nyepesi. Mfanyakazi anapokuwa nje ya kituo chake cha kawaida kwa shughuli rasmi, sehemu ya kwanza ya posho ya kila siku huchukuliwa kuwa marejesho ya gharama bila kuhojiwa. Kwa miaka mingi sehemu hiyo ilikuwa shilingi 2,000, kiasi ambacho hakitoshi kulala na kula Nairobi. Sheria ya Fedha ya 2025 iliipandisha hadi 10,000 kwa siku kuanzia tarehe 1 Julai 2025.

Jambo la kuangalia ni tarehe ya barua. Maadamu kituo chake bado ni Kisumu, Nairobi ni safari ya kikazi. Siku uhamisho unapoanza kutumika, Nairobi inakuwa kituo chake, na posho ya siku anayolipwa akiendelea kukaa gesti kutafuta nyumba haina tena kinga hiyo. Barua inayosema "kuanzia mara moja" inaweza kumgharimu kuliko ile inayompa wiki mbili za makabidhiano. Aliyekwenda kwa gari lake kwenye shughuli rasmi ana kinga nyingine: tangu mabadiliko ya 2023, posho ya safari inayolipwa kwa kiwango cha kilomita kilichoidhinishwa na Chama cha Magari cha Kenya, AA, haihesabiwi kuwa mapato.

Mgeni ana kifungu, mwenyeji ana hoja

Kifungu hichohicho cha 5 kina msamaha mmoja wa kuhama ulioandikwa waziwazi. Mwajiri akilipia safari kati ya Kenya na nchi nyingine, kwa mfanyakazi aliyeajiriwa nje ya Kenya, asiye raia wa Kenya, na aliyeko nchini kwa ajili ya kumtumikia mwajiri huyo tu, gharama hiyo haitozwi kodi. Uganda ina kipengele kinachofanana nacho sana. Ukikisoma unaona kimeandikwa kwa ajili ya ofisa anayekuja na kurudi kwao. Mtaalamu anayeletwa Nairobi kutoka Ulaya ana kifungu chenye jina lake. Mkenya anayeletwa Nairobi kutoka Lodwar ana hoja ya kumshawishi Kamishna.

Tanzania imekwenda hatua zaidi. Sheria yake ya Kodi ya Mapato ya 2004 inasamehe gharama halisi ya safari ya mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wao wasiozidi wanne kwenda au kutoka kituo cha kazi, iwapo makazi yake yako zaidi ya maili 20 kutoka kazini na ameajiriwa kumtumikia mwajiri huyo tu mahali hapo. Hakuna sharti la kuwa mgeni. Mtu wa Mbeya aliyeajiriwa Dar es Salaam anaingia.

Uingereza nayo imeweka mstari wa tarakimu: mwajiri anaweza kulipia hadi pauni 8,000 za gharama za kuhama zinazokubalika kabla kodi haijaanza. Muuguzi wa Kenya aliyeajiriwa huko kupitia makubaliano ya nchi hizi mbili ya 2021 anakingwa na kipengele hicho. Kiwango hakijabadilika tangu 1993, na mfumuko wa bei umekila kiasi kikubwa, lakini angalau kipo na kila mtu anakijua. Marekani imekwenda kinyume. Kwa miaka mingi mfanyakazi aliyehama kwa ajili ya kazi alikuwa na msamaha, ukasimamishwa kuanzia 2018, na sheria ya 2025 ikaufuta kabisa isipokuwa kwa wanajeshi na watumishi wa ujasusi. Mkenya wa Dallas anayelipiwa lori na mwajiri wake anakuta gharama hiyo kwenye hesabu ya mshahara wake.

Kabla hujapakia

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa kodi ya kuhama usemi huo unafuatwa herufi kwa herufi. Kabla ya kufunga friji blanketi, omba barua inayosema umehamishwa, kutoka wapi kwenda wapi, kuanzia lini, na kwamba mwajiri atalipa au atarudisha gharama gani. Mwombe mwajiri amlipe mwenye gari moja kwa moja. Asipoweza, akurudishie kwa risiti. Kitita kiwe cha mwisho. Tenganisha lori, nauli na wabebaji kwenye karatasi moja, dipoziti na kodi ya nyumba kwenye nyingine, ili mabaya yasiharibu mazuri. Hifadhi kila kitu kwa miaka mitano, muda ambao Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe.

Kama umeshakatwa, anza kwa mwajiri. Tangu Julai 2025 sheria inamlazimu mwajiri kutumia nafuu na misamaha yote anayostahili mfanyakazi anapokokotoa PAYE, kwa hiyo kumwonyesha kifungu si ubishi. Ikishindikana, dai kwenye ritani. KRA ikitoa uamuzi usioridhika nao, una siku 30 za kuweka pingamizi, na baada ya hapo liko Baraza la Rufaa za Kodi lililoanzishwa kwa sheria ya 2013. Huko mzigo wa kuthibitisha kwamba KRA imekosea uko mabegani mwako. Usipande huko na maneno matupu.

Haya yote mfanyakazi hapaswi kuyabeba peke yake. Nchi inayowahamisha walimu, polisi, wauguzi na makarani kila mwaka haina sababu ya kumwachia mhasibu wa kila ofisi akisie kama lori ni mapato. Bunge likiongeza kipengele kimoja kwenye kifungu cha 5, kinachosamehe gharama halisi za kuhama kwa agizo la mwajiri hadi kikomo kilichotajwa kwa shilingi, mgeni na mwenyeji watasimama sawa, na hazina itapoteza kidogo, kwa kuwa kitita kisicho na risiti kitaendelea kutozwa kama leo. Muswada wa Fedha hutakiwa kupelekwa Bungeni kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi huitwa kutoa maoni. Wenye makampuni huandika yao kila mwaka. Wanaohamishwa nao waandike.